Barua kwa mwanangu rubani: umoja ndiyo, mgomo baridi hapana

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma nikaona si wa kujibiwa kwa haraka kwenye simu. Unasema majadiliano ya mkataba wa hali bora yamekwama, mwajiri anapiga danadana, na kwenye grupu la marubani wapo wanaotaka wote mjitangaze wagonjwa wiki ya sikukuu ili ndege zilale. Wengine wanakwenda kimyakimya kwa wakubwa kujitafutia nyongeza yao. Umeniuliza: "Baba, nikisimama na wenzangu bado nitakuwa rubani mwenye maadili? Na nikikataa kudanganya, si nitaitwa msaliti?"

Simama na wenzako. Hilo silizungushi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakitambua chama chenye wafanyakazi walio wengi kuwa wakala pekee wa majadiliano, na mwajiri anatakiwa ajadiliane nacho kwa nia njema. Nguvu yenu iko kwenye huo wingi. Nilipokuwa mjumbe wa tawi kule ghalani, tulikaa mezani tumekaza uzi kuhusu posho ya usiku. Ofisa utumishi akafungua faili, akatoa karatasi moja, akaisukuma mbele yetu. Barua ya mwenzetu, kaiandika kwa mkono wake, kwamba yeye ameridhika na alichoahidiwa. Mwenyekiti wetu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, asiseme neno. Kuanzia hapo hatukudai tena, tulibaki kuomba tusipunguziwe. Kwa hiyo hao wanaopita mlango wa nyuma wasikushawishi, hata wakipewa kinono.

Sasa hilo la kuugua kwa pamoja. Hapana, mama. Na sisemi hivi kwa kumhurumia mwajiri. Rubani akisema "nimechoka, sifai kuruka leo", anatakiwa kusikilizwa na nafasi yake kutafutiwa mtu mwingine. Kauli hiyo inamlinda abiria. Mkiigeuza silaha ya kudai mkataba, siku utakapochoka kweli, umeamka saa tisa usiku siku tatu mfululizo, mpanga ratiba atakuuliza kama huo ni uchovu au ni chama. Na kijana aliyeajiriwa juzi, mwenye woga, ataona heri aruke tu macho yakiwa mazito.

Wamarekani walishaijaribu njia hiyo. Februari 1999 marubani wa American Airlines walijitangaza wagonjwa kwa wingi, kisa kampuni yao kuinunua Reno Air, shirika jingine la ndege. Safari zikafutwa kwa maelfu. Jaji akawaamuru warudi kazini, agizo lisipofuatwa akakitoza chama chao zaidi ya dola milioni 45. Fedha za wanachama hizo.

Ninachokiogopa zaidi ni chumba chenu cha mbele. Kapteni utakayepangwa naye kesho huenda ndiye aliyejitoa kwenye chama. Msalimie, mpe heshima yake, msomeane orodha ya ukaguzi kama siku zote, na habari za mkataba ziishie kwenye ngazi ya ndege. Unakumbuka mliyofundishwa kuhusu Tenerife, kile kisiwa cha Hispania, Machi 1977, ndege mbili zilipogongana kwenye njia ya kurukia wakafa watu 583. Mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani, kapteni wake akamjibu kwa mkato, ndege ikaendelea na mbio za kupaa. Hao hawakuwa na ugomvi wowote. Je, watu wawili walionuniana tangu asubuhi, ni yupi atakayemwambia mwenzake "subiri kwanza"? Nyuma yenu amekaa mtu anayetoka Bukoba kuwahi kliniki Muhimbili, hajui hata kama mna chama.

Na njia ya wazi mnayo. Mgogoro wa maslahi, yaani wa kudai masharti mapya ya kazi, unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, chama kinapiga kura, kisha mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Mgomo uliopita humo ni halali, na mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa kushiriki. Waongozaji wa ndege kule mnarani sheria imewaweka kwenye huduma muhimu, ambazo kugoma kwake kumebanwa; ninyi marubani hamkutajwa kwenye orodha ile. Najua ni njia ndefu na inachosha. Lakini abiria anajua mapema abadili safari, nanyi mnagoma kwa majina yenu. Tena kabla ya kufika huko, mkishahakikisha inaruhusiwa, mnaweza kusimama nje ya geti siku yenu ya mapumziko, mmevaa sare, mmeshika mabango, bila kelele. Marubani wa Marekani hufanya hivyo mara nyingi, na hakuna safari inayofutwa.

Kuhusu kuitwa msaliti: msaliti ni yule wa barua ya mkono. Wewe nenda kwenye mkutano wa Jumamosi, uyaseme haya kwa mdomo wako mbele ya wote, usiyaandike kwenye grupu, maana picha za skrini zinatembea. Kura ikipigwa kwa utaratibu, hata ikienda kinyume na ulivyopenda, fuata walio wengi. Ila kwenye uongo wa ugonjwa usimfuate mtu, hata awe mwenyekiti.

Rasimu ya madai yenu ikiwa tayari nitumie niisome. Nataka kuona mmeandika nini kwenye saa za mapumziko, maana naona kila mtu anazungumzia mshahara tu.

Baba yako