Usikubali stabilaiza ya nyuma ifungwe kwa mtaimbo

Mkuu, Jumamosi usiipeleke hiyo pikipiki kwa huyo fundi. Umesema una Harley-Davidson Electra Glide ya 2006, ukiwa maili 75 kwa saa kwenye kona ndefu ya barabara kuu mkia unacheza, na fundi amekuahidi akifunga stabilaiza ya nyuma, fimbo ya kuzuia injini isiyumbe pembeni, mambo yamekwisha. Maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Texas, kwa Electra Glide ya 2008, na aliyeniambia alipokea pesa yangu bila hata kuchuchumaa kuangalia chini ya mashine.

Unauliza kama itaongeza mtetemo. Stabilaiza iliyofungwa vizuri, kwangu mimi, haikuongeza chochote ninachoweza kukuonyesha. Iliyofungwa kwa kulazimishwa inaongeza, tena vibaya mno.

Elewa kwanza mashine yenyewe. Tangu modeli ya FLT ya 1980, Harley za safari ndefu zinabeba injini juu ya raba. Injini, gia boksi na swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) vimeungana kuwa kitu kimoja, na kitu hicho kimeshikwa kwenye fremu kwa mauntini (vishikio) za raba: kwa pikipiki yako na yangu, moja mbele na mbili nyuma kwenye ekseli ya swingamu. Injini ya V ya nyuzi 45 lazima itikisike, na raba zinaiacha itikisike juu na chini, mbele na nyuma, bila wewe kuhisi sana. Tatizo ni kwamba raba hizohizo zinairuhusu pia iende pembeni, na swingamu ikienda pembeni, gurudumu la nyuma linaifuata. Ndiyo maana kiwandani waliweka fimbo mbili zenye boljointi (viungo vya gololi vinavyopinda), moja mbele na moja juu, za kuzuia mwendo wa pembeni tu. Nyuma hawakuweka. Unachotaka kufunga wewe ni fimbo ya tatu, inayokaa chini ya gia boksi.

Fimbo hiyo inarefushwa na kufupishwa kwa kuzungushwa. Yule bwana aliyenifungia mimi hakuizungusha. Aliitoa kwenye boksi, akaona tundu halilingani na tundu la bano, akachukua mtaimbo akaisukuma gia boksi hadi boliti ikapita. Nikamuuliza kama ndivyo inavyofanywa. "Raba zitajizoesha," akanijibu. Raba haijizoeshi, mkuu! Inabanwa mpaka mwisho, na ikishabanwa haina tena nafasi ya kumeza mtikisiko, kwa hiyo mtikisiko wote unapanda kwenye fremu.

Vioo vilikuwa vinaonyesha ukungu badala ya magari. Vidole vinakufa ganzi kabla tangi halijafika nusu. Nikamrudia, akaniambia Harley ndivyo zilivyo, nikaze mikono. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Fundi anaweza kukosea, lakini huyu aliletewa kosa lake mlangoni akamrudishia mteja kama tabia ya pikipiki. Nikiwa naamini maneno yake, bano la ekzosi likapasuka.

Gereji nyingine ndiyo iliyofungua. Mauntini ya nyuma kushoto ilitoka imevimba kwa oili iliyokuwa inavuja kutoka juu siku nyingi, ukingo umechanika nusu ya mzunguko, na ungaunga mweusi ukabaki mkononi mwa fundi. Boliti ya stabilaiza ilikuwa na thredi zilizolika upande mmoja tu, ule uliokuwa unavutwa. Kumbe hata mkia ulikuwa unacheza kwa sababu mauntini zilishakwisha tangu mwanzo. Raba zenyewe hazikuwa ghali. Kilichouma ni kazi: ekzosi zishuke, gurudumu la nyuma litoke, ekseli ya swingamu ivutwe, halafu lipia bano jipya, wakati kurunzi na dakika chache chini ya pikipiki zingetosha kuyaona yote kabla.

Kwa hiyo: boliti ya stabilaiza iingie kwa vidole. Ikidai spana au nyundo, urefu wa fimbo si sahihi. Mauntini zikaguliwe kwanza, na kama zina oili au nyufa zibadilishwe, uvujaji uzibwe. Pikipiki isimame wima, zile fimbo mbili za kiwandani ziwe zimepimwa, injini iwashwe ingurume kidogo bila gia ili ikae mahali inapotaka kukaa, izimwe. Ndipo fimbo ya nyuma izungushwe kidogokidogo mpaka boliti ipite yenyewe. Nati za kufungia zikikazwa, boljointi za ncha zote mbili zilale sambamba. Ishike fimbo katikati uipindishe kwa mkono, lazima icheze kidogo. Ikiwa ngumu kama imechomelewa, imebana, irudiwe.

Yangu ilirudishwa hivyo, fimbo ileile, kwenye mauntini mpya. Mtetemo ukarudi ulivyokuwa, na kwenye kona za Hill Country, eneo la vilima hapa Texas, pikipiki inalala bila kutikisa mkia.

Mpigie huyo fundi leo umuulize swali moja: fimbo ataipimaje urefu? Akisema inakuja tayari kutoka kwenye boksi, futa miadi.