Re: Uandishi wa habari wa televisheni ukiwa Mbeya

Mdogo wangu, umeuliza kama ni lazima uhamie Dar ndipo uwe mwandishi wa televisheni. Si lazima. Huku habari zipo: ajali za Iwambi, foleni ya malori Tunduma, bei ya viazi Uyole. Ila wengi wetu mikoani tunalipwa kwa habari iliyorushwa, hakuna mshahara. Niliwahi kwenda Kyela na mvua yote ile, habari haikutoka, nauli yangu ikawa imepotea bure. Iliniuma sana. Jifunze kushika kamera na kuhariri mwenyewe. Stashahada usiiache, maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka uwe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi, na stashahada ndiyo ya kukupatia. Na Kinyakyusa chako kitunze. Bibi wa Rungwe akikisikia, anaongea yote.