Ndege kubwa inakuja kituoni kwenu? Anzeni kwenye maegesho

Shirika likishatangaza kwamba linaleta ndege mpya kubwa, kila idara inapata shughuli yake. Masoko wanahesabu viti, marubani wanagombea nafasi za mafunzo, na bosi anaulizia magari ya zimamoto yatakayoimwagia ndege maji siku ya kwanza. Wewe wa huduma za ardhini unatumiwa tarehe na kitabu kinene cha mtengenezaji, halafu unaambiwa: "Hakikisheni kila kitu kiko tayari."

Nimeshapokea ujumbe wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usiridhike na orodha inayosema kila kifaa kinafaa. Ukikipima kimojakimoja, karibu vyote vitafaa. Balaa linaanza pale lori la chakula, lifti ya makontena, gari la mafuta na trekta vinapotaka kusimama chini ya bawa moja kwa wakati mmoja, huku saa inakimbia.

Kabla ya hayo, kuna maswali ya kuwauliza wenye uwanja, na uyaulize kwa maandishi. La kwanza ni herufi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) linazigawa ndege kwa upana wa mabawa: E ni kuanzia mita 52 hadi chini ya 65, F ni kuanzia 65 hadi chini ya 80. Boeing 777-300ER ina mita 64.8, na A350-1000 iko hapohapo, kwa hiyo zote ni E. Airbus A380 inakaribia mita 80, hiyo ni F. Tofauti hiyo ina gharama kubwa kiasi kwamba 777-9 imeundwa ikiwa na ncha za mabawa zinazokunjwa: angani ina karibu mita 72, ikifika kwenye maegesho inarudi kwenye 64.8.

Ila herufi inakwambia upana tu. 777-300ER ina urefu wa karibu mita 74, yaani imeizidi hata A380. Nimewahi kuona maegesho ambayo mabawa yalienea vizuri kabisa, ila mkia ungebaki umetokeza juu ya barabara ya magari ya huduma. Kwenye karatasi pameandikwa "E, sawa". Kwa hiyo pima pua mpaka mkia, na nyuma yake pima tena nafasi ya kupita ndege nyingine. Kwa ndege za kundi hili, nafasi kati ya ndege iliyoegeshwa na kitu chochote cha jirani inatakiwa isipungue mita 7.5. Ukifika pale ulipo mstari uliochorwa chini, mita hizo utaona zimeliwa na nguzo ya taa ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Njia za kupita ndege nazo usizichukulie kwamba ni kazi ya marubani peke yao. Desemba 2013, Boeing 747 ya British Airways ilishika njia nyembamba isiyo yake uwanjani Johannesburg, bawa likaingia kwenye jengo na waliokuwa ndani wakaumia. Miaka miwili na ushee kabla ya hapo, Aprili 2011, bawa la A380 ya Air France lilikwangua mkia wa ndege ndogo uwanja wa JFK, New York, likaizungusha pale ilipokuwa imesimama na abiria ndani. Watu wako wanaoongoza ndege kuingia na kusindikiza mabawa lazima wajue ni njia zipi ndege hii haitakiwi kukanyaga.

Swali la pili ni zimamoto. Kiwango cha zimamoto kinapangwa kwa urefu wa ndege na unene wa kiwiliwili chake. A380 kwa urefu wake ingeishia kiwango cha 9, ila kwa kuwa kiwiliwili chake kinazidi mita 7, inapandishwa hadi cha 10. Kanuni inaruhusu kushuka kiwango kimoja kama kuruka na kutua kwa ndege za ukubwa huo, kwa jumla, ni chini ya 700 katika miezi mitatu mfululizo yenye shughuli nyingi zaidi, na viwanja vingi vinajikinga na kifungu hicho. Jua kama chenu ni kimojawapo, kwa sababu gari moja la zimamoto likiharibika asubuhi, ndege yako ndiyo itakayozuiwa kwanza. La tatu ni uimara wa lami na zege. Tangu mwishoni mwa 2024 vipimo vinavyolinganisha mzigo wa ndege na uwezo wa lami kuubeba vimebadilika kutoka ACN (ya ndege) na PCN (ya lami) kwenda ACR na PCR, kwa hiyo ukiletewa jedwali la zamani, lirudishe.

Sasa tuje kwenye zoezi la koni, zile za plastiki za barabarani. Miezi kadhaa kabla ya ndege kufika, omba maegesho yenyewe yaliyokusudiwa, saa ambayo hayana ndege. Chukua vipimo kutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji, chora kwa chaki umbo la ndege: pua, milango, injini, magurudumu, ncha za mabawa. Panga koni juu ya mstari huo. Halafu ita kila gari linalohusika, likiwa na dereva wake wa kila siku, si msimamizi wake. Waambie waje kwa mpangilio ule utakaotumika, na mtu mmoja ashike saa.

Mara ya kwanza tulipofanya hivi, upande wa kulia ndio uliotuumbua. Milango mikubwa ya mizigo iko kulia, na malori ya chakula nayo yanaegemea milango ya kulia. Lifti ya mbele ilipokaa mahali pake, lori la chakula la mlango wa mbele likaingia vizuri tu. Nikamwuliza dereva, mtu mzima aliyeizoea kazi hiyo, atatokaje. Akashuka, akazunguka lori lake taratibu, akaangalia treni ya vigari vya makontena iliyojipanga nyuma yake. "Bosi, hapa nimeingia. Kutoka ni mpaka hao wamalize." Yaani lori lingebaki limefungiwa muda wote wa kushusha makontena, na lori la pili lingesubiri nje. Kwenye mchoro wa kompyuta hakuna aliyeliona hilo, kwa sababu mchoro unaonyesha magari yaliyokwisha kuegesha, hauonyeshi yakiingia na kutoka.

Tukabadilisha utaratibu: chakula cha mbele kitangulie, vigari vya makontena visimame kwa mshazari, na gari la mafuta liwe na njia ya kuondoka bila kurudi nyuma. Hilo la mafuta halina mjadala popote.

Zoezi la namna hii lirudiwe usiku, na ikiwezekana kwenye mvua. Likirudiwa ndipo utakapojua muda halisi wa ndege kukaa chini. Airbus walipoiandaa A380 walikadiria dakika 90 za kuigeuza, yaani tangu iegeshwe mpaka iwe tayari kuondoka tena, kukiwa na madaraja ya abiria ya kutosha na kila kitu kikienda sambamba. Idara ya biashara huchukua namba kama hiyo ikaiweka kwenye ratiba kana kwamba ni ahadi. Waonyeshe saa uliyoipata kwenye koni, tena mapema, kabla tiketi hazijaanza kuuzwa.

Vifaa vyenyewe nitavigusa kwa haraka, isipokuwa vichache vinavyosumbua.

Umeme wa nje ni kimojawapo. A380 ina soketi nne za umeme wa ardhini, kila moja ya kVA 90 (kipimo cha nguvu ya umeme). Boeing 787 ina tatu, na hapo pana jambo ambalo wengi hulisahau: injini zake zinawashwa kwa umeme, si kwa hewa iliyoshindiliwa. Lile gari la hewa mnalolitegemea pale jenereta ndogo ya mkiani inapogoma halina kazi kwa ndege hiyo. Kama kituo kina jenereta moja tu ya ardhini, siku hiyo ya kugoma mtakaa na ndege mpaka mpate nyingine ya kuazima.

Trekta na chuma cha kuvutia ndivyo vinafuata. Kichwa cha chuma hicho ni cha aina ya ndege husika, na pini zake za kukatika, zile zinazovunjika makusudi nguvu ikizidi, zimepimwa kwa uzito wa ndege hiyo, kwa hiyo usikubali fundi "akitengeneze" kile cha zamani. Trekta nalo linahitaji uzito wake lenyewe ili lisiteleze. Agiza pini za akiba, nyingi kuliko unazodhani zinatosha, na ziwe ndani ya trekta. Zikiwa stoo na mwenye ufunguo amekwenda nyumbani, ni sawa na kutokuwa nazo.

Halafu kuna jambo la ngozi ya ndege. 787 na A350 zimejengwa kwa karibu nusu ya uzito wake kwa nyuzi za kaboni. Bati la alumini likigongwa linabonyea na utaona. Kaboni inaweza kurudi ikaonekana nzima huku ndani tabaka zimeachana. Kwa hiyo sheria iwe moja: kilichoigusa ndege, hata kwa ukingo wa mpira, kiripotiwe kabla ndege haijasogea. Na sheria hiyo haitafanya kazi kama dereva wa kwanza aliyeripoti alisimamishwa kazi. Nawaambia mameneja hili wazi, na si wote wanaolifurahia: mkimwadhibu anayesema, mmejinunulia ukimya.

Wafundisheni pia kwamba ndege iliyoegeshwa haitulii. Mizigo ikishuka inapanda, mafuta yakiingia inashuka. Mlango uliofunguliwa juu ya sakafu ya daraja unaweza kuja kuikalia sakafu hiyo. Kuna kifaa kidogo kinachowekwa chini ya mlango ili daraja lishuke lenyewe kikiguswa. Hakikisheni kipo, kinafanya kazi, na anayekiweka anajua kinawekwa kwa nini. Ndege ndefu pia inaweza kukalia mkia, kwa hiyo pakueni nyuma kwanza na pakieni mbele kwanza, isipokuwa karatasi ya mizigo ikisema vingine.

Mafunzo: badala ya kuwatuma wakuu watatu kwenda kupiga picha kituo ambacho tayari kinaipokea ndege hiyo, mtumeni dereva wa trekta, dereva wa lifti na msimamizi wa zamu. Wakirudi wafundishe wao. Darasa la mtu aliyeishika kazi kwa mikono linasikilizwa.

Vituo vya dharura navyo visisahaulike. Hali ya hewa ikiharibika, ndege itakwenda kwenye uwanja ambao huna wafanyakazi. Ulizeni leo kama pale pana ngazi zinazofika mlangoni, chuma cha kuvutia cha aina hiyo, na kampuni iliyokubali kwa mkataba kuihudumia. Wenye A380 wana mtihani zaidi, maana milango ya ghorofa ya juu iko kama mita 8 kutoka chini na ngazi za kawaida haziifikii.

Siku ya kwanza itapita salama, nakuhakikishia, kwa sababu mabosi wote watakuwepo na mtengenezaji atakuwa ametuma watu wake. Wewe panga kurudi wiki chache baadaye, saa tisa usiku, bila kumwambia mtu. Simama kando na karatasi ileile ya zoezi la koni, uweke alama kila wanapofanya tofauti na mlivyokubaliana. Asubuhi kaa nao kabla hawajatoka zamu, uwaulize sababu ya kila alama. Pengine utakuta uzembe. Pengine utakuta wamegundua njia fupi na salama kuliko uliyoandika, na hiyo iingie kwenye mwongozo wiki hiyohiyo.