Foleni ya dharura huanzia wodini

Juma hili mmewauliza wasomaji ni hatua gani ichukuliwe kwanza ili kupunguza msongamano katika idara za dharura za hospitali zetu. Najua wengi watataka chumba kikubwa zaidi na madaktari zaidi pale mlangoni. Mimi ni mkazi wa Nakuru, na naamini kwamba kilichoziba ni njia ya kutokea.

Mgonjwa aliyeamuliwa kulazwa, akakosa kitanda wodini, hubaki juu ya machela kwenye idara ya dharura, na muuguzi anayepaswa kuwapokea majeruhi wa barabara kuu ya Eldoret ndiye huyohuyo anayempa dawa, kumpima presha na kumbadilishia dripu usiku kucha. Machela zikishikwa hivyo, hata daktari hodari hana pa kumlaza anayefuata. Na huko wodini yupo mtu aliyeruhusiwa kwenda nyumbani tangu asubuhi, lakini bado amekalia kitanda kwa sababu karatasi zake hazijaandikwa, dawa hazijatolewa, au jamaa zake wanahangaikia bili.

Ningeanzia hapo. Madaktari wanapopita wodini, wawatazame mapema wanaokaribia kuruhusiwa, karatasi zikamilike kabla ya saa sita mchana, anayengoja dawa au gari angojee katika chumba chenye viti na muuguzi, na kazi hiyo isisimame Jumamosi na Jumapili. Asiye na fedha naye asizuiliwe: Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015, katika kesi ya akina mama waliojifungua, kwamba kumfungia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Inaniuma kwamba kitanda kinachomhifadhi mdaiwa aliyepona ndicho anachokikosa mgonjwa mahututi.

Kuwapanga wagonjwa kwa rangi kulingana na uzito wa hali zao, kuanzia nyekundu kwa walio mahututi hadi kijani kwa wanaoweza kungoja, ni utaratibu mzuri, ila wenye kijani waelezwe kwa nini wanapitwa.

Yapo pia mahitaji ya usiku. Zahanati na vituo vya afya vingi hufungwa jioni, kwa hiyo mtoto mwenye homa hukimbizwa moja kwa moja hospitali ya rufaa. Kila kaunti ndogo ingekuwa na angalau kituo kimoja chenye afisa wa kliniki, maabara na dawa hadi alfajiri, na wahudumu wa bodaboda wakajulishwa kilipo, mzazi angekuwa na pa kumpeleka mwanawe karibu na nyumbani.