Abiria wa teksi ya programu akiumia Nairobi, anamdai nani?

Pole sana ndugu kwa huo mkono uliovunjika kwenye ajali ya teksi uliyoita kwa programu ya simu. Wa kumdai ni dereva pamoja na mwenye gari, na mara nyingi hao ni watu wawili tofauti. Pata rekodi ya umiliki kutoka NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa nambari ya gari. Ukimshtaki mtu kama mmiliki kumbe siye, kesi dhidi yake inaweza kuanguka hapo hapo.

Leo hii piga picha ya skrini ya safari: saa, njia, jina la dereva, nambari ya gari. Kisha ilinganishe na gari lililokubeba kweli, maana madereva wengine huendesha gari jingine kabisa. Kama dereva alikuomba ufute safari umlipe taslimu, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na SMS zenu.

Kituo cha polisi chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio), fomu ya P3 ya majeraha ijazwe na daktari, na abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ajali. Kwenye abstrakti kagua sehemu ya bima: jina la kampuni na nambari ya cheti. Ikiachwa wazi, rudi ijazwe. Wakili atume notisi kwa bima kabla au mara tu baada ya kufungua kesi, la sivyo bima ina mwanya wa kukataa kulipa hukumu. Kisheria bima hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, kinachozidi ni cha mwenye gari.

Risiti za hospitali zote weka, hata ya teksi ya kwenda kliniki. Muda wako wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu ajali. Na tafadhali usitie sahihi karatasi yoyote ya "malipo ya mwisho" kabla mfupa haujaunga.