Daktari wa Meno Anajibu: Skana na Kinywa cha Mtoto

SWALI: Assalam aleikum daktari. Mwanangu wa miaka 7 aling'olewa gego la chini la utotoni, lile la nyuma, kwa kuoza. Huko Malindi wataka kumwekea kifaa cha kushikilia nafasi. Badala ya kumtia ule uji mzito wa kuchukulia umbo la meno, watapitisha skana mdomoni. Jirani aniambia kijikamera hakiwezi kupima sawasawa. Nifuate lipi?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Kwa kifaa hicho, skana yatosha kabisa.

Pengo lisiposhikiliwa, gego la kudumu lililotoka nyuma yake hulalia mbele, na jino linalongojewa hapo kwa kawaida halitoki hadi miaka 11 au 12. Kifaa chenyewe ni pete ya chuma ivikwayo gego hilo la kudumu, yenye waya uliopinda. Kinachopimwa basi ni meno mawili na nafasi iliyo kati yao. Kwa kipande kifupi namna hiyo, skana nzuri ikitumiwa vizuri kwa kawaida hukosea chini ya milimita 0.1. Makosa hukua ikipimwa taya nzima, kwa sababu programu huunga picha ndogo nyingi, na kasoro za viungo hujumlika.

Ule uji, aljineti, nao una kasoro yake: ukishatoka kinywani hukauka na kusinyaa, hivyo lazima umiminiwe plasta ya kuundia mfano wa meno mapema. Na mtoto mwenye kichefuchefu hana budi kuuvumilia mpaka ugande. Skana husimamishwa, akameza mate, ikaendelea pale ilipoachia. Kwa watoto naipenda mno kwa hilo.

Hofu yangu mimi ni mate. Skana hupima kile tu ambacho mwanga wake wakifikia. Povu likituama kwenye jino, umbo hupotoka. Ulimi ukipita, picha hutoboka. Na katika umri huu gego la kudumu pengine bado limefunikwa na ufizi kwa nyuma. Kilichofunikwa hakipimiki, na pete itakaa vibaya. Ikiwa ndivyo, mwombe daktari aijaribishe pete yenyewe kwenye jino kwanza. Muulize pia kama ana kichwa kidogo cha skana. Vingine ni vinene kwa kinywa cha mtoto.

Mwombe akuonyeshe picha kwenye skrini kabla mwanao hajashuka kitini. Gego zima lionekane, pamoja na ukingo wake kwenye ufizi. Palipo na tundu hurudiwa hapo hapo, si yote upya. Boti kutoka Lamu hadi Mokowe, kisha basi hadi Malindi, si safari ya kurudiwa kwa sababu ya mate.

Eksirei usiikatae. Skana haitumii mionzi, lakini haioni ndani ya mfupa, na lazima ijulikane kama jino linalongojewa lipo na limefika wapi.

Siku ya kukiweka, kifaa kikitikisika, kipimo kirudiwe, hata wakikuambia kompyuta haikosei.