Viazi vitamu vikizidi: vizima shimoni, vyenye vidonda juani

Mwaka wa kwanza viazi vitamu viliponizidi, hapa kwetu Shinyanga, nilivichimba asubuhi na jioni ile ile vikawa shimoni kuhifadhiwa. Wiki tatu baadaye nikafukua. Joto lilinipokea kabla sijagusa kiazi, harufu kama ya pombe iliyochacha, na nilichokishika kikabaki ganda mkononi. Nilitupa zaidi ya nusu.

Mama mkwe alivigeuzageuza vilivyosalia, akanionyesha alama za jembe. "Kiazi chenye kidonda hakizikwi, mwanangu."

Tangu hapo nakata marando kwanza, yale mashina yanayotambaa, kama wiki moja kabla ya kuchimba, ngozi ikomae ardhini. Jembe likikaribia kiazi naliweka chini, namalizia kwa mkono. Sivioshi, napangusa udongo tu. Kisha vinakaa kivulini, nimevifunika nyasi, siku nne hadi saba. Hapa usiwe na haraka hata kidogo: joto na unyevu wa chini ya nyasi ndivyo vinavyofanya michubuko midogo iote ngozi mpya. Pitisha kidole gumba juu ya kiazi ukikandamiza. Ngozi ikichunika, bado.

Chenye vitundu vya fukuzi kisiingie shimoni kamwe, hata kama ni kimoja na ni kikubwa. Mdudu huyo huendelea kuzaana humo humo, na kiazi alichokila huwa kichungu hata ukipike vipi.

Shimo lenyewe liwe mahali palipoinuka, chini ya kivuli, maji yasituame. Nyasi kavu chini na pembeni, viazi, nyasi tena, halafu udongo, na juu kibanda kidogo cha nyasi. Mimi hufukua kila baada ya wiki mbili au tatu, natoa kilichoanza kulainika.

Vilivyokatwa na jembe navigeuza michembe: namenya, nakata vipande vyembamba, naanika juu ya kichanja. Ukivichemsha kwanza ndipo ukate na kuanika, hayo ni matobolwa, matamu sana kwa chai. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, mimi huvianika kivulini penye upepo, maana jua kali hupunguza vitamini A.

Usifunge gunia mpaka uvunje kipande. Kikipinda, rudisha kichanjani. Kikilia "ka!", funga.